Aliyeishi kwa Saa za Mirihi

Majirani hawakuwa na hakika yule mama analala saa ngapi. Wiki hii walimwona anatoka asubuhi kama watu wote, viatu vimepigwa rangi, salamu kwa kila mlango. Wiki iliyofuata walimkuta ndiyo kwanza anafunga geti watu wakiwa mezani kwa chakula cha mchana, na ile ya baada ya hapo aliondoka jua likizama. Kisha zilipita siku hawamwoni kabisa. Mapazia ya chumbani kwake, mazito na meusi, yalikuwa yamefungwa mchana kutwa, na mumewe, mwoka mikate, alipita uani kwa ncha za vidole kama mtu anayeiba kwake mwenyewe. Wengine walisema ni muuguzi. Wengine walisema ni mlinzi wa benki ila anaona haya kusema. Fundi wa vioo wa ng'ambo ya barabara ndiye siku moja alijikaza akamuuliza ana kwa ana, na alipojibiwa alicheka hadi akaegemea ukuta, akidhani anataniwa.

Hakutaniwa. Kazi ya yule mama ilikuwa kupima hali ya hewa ya Mirihi.

Kule kwenye sayari hiyo kulikuwa na mtambo mmoja, ukubwa wake kama meza ya kulia chakula, umesimama kwa miguu mitatu katikati ya uwanda wa mawe. Ulikuwa na kipimajoto, kifaa cha kupima mgandamizo wa hewa, kingine cha kupima upepo, kamera ya kupiga picha za uwanda, na nyingine ndogo ya kulitazama jua, ili ijulikane ni mwanga kiasi gani umezuiwa na vumbi lililotanda angani. Nguvu zake zote zilitoka kwenye paneli mbili za jua zilizotandazwa ubavuni kama mabawa. Waliousimamia walikuwa watu wachache tu katika jengo la ghorofa mbili lenye harufu ya zulia na kahawa iliyosahauliwa kwenye jiko, na yeye ndiye aliyesoma vipimo na kuandika taarifa: leo kule kumeamkaje, upepo umetoka upande gani, vumbi limepungua au limezidi.

Ugumu ulikuwa kwenye saa. Siku ya Mirihi inaizidi yetu kwa dakika kama arobaini. Mtambo uliamka jua la kule lilipochomoza, ukafanya kazi mchana, ukatuma vipimo vyake jioni kabla ya kulala, na aliyetaka kuvisoma na kuupelekea maagizo kabla haujaamka tena hakuwa na budi kuishi kwa saa za kule. Leo unaingia kazini saa mbili asubuhi, kesho saa mbili na dakika arobaini, keshokutwa saa tatu na ushee, hivyo hivyo, unasukumwa mbele kila siku, mpaka umeizunguka saa nzima na baada ya wiki tano hivi unajikuta pale ulipoanzia. Mwanzoni waliambiwa ni jambo la miezi mitatu. Mtambo ukafanya kazi vizuri kuliko walivyotarajia, miezi ikaongezwa, ikaongezwa tena, na sasa mwaka wa tatu ulikuwa unakatika.

Wifi yake, dada wa yule mwoka mikate, aliyekaa nyumba ya pili na asiyejua kuuficha ulimi wake, alikuwa akiwaambia wageni: "Wifi yangu anahesabu vumbi la Mirihi, na lililo chini ya kabati lake hajawahi kulisalimia." Mwenyewe alicheka kuliko wote. Kazini walimwita Dada Vumbi, na jina hilo alilipenda.

Kabla ya hapo alikuwa mpima hali ya hewa kwenye kiwanja cha ndege. Kila saa alitoka ofisini, akavuka nyasi zilizofyekwa hadi kwenye kasha jeupe lenye vipenyo kama dirisha la mbao, akasoma vipimajoto, akatazama mawingu, akarudi kuandika. Kilichomfurahisha katika kazi ile ni kwamba chombo hakikuweza kumdanganya. Kikisema upepo umegeuka, alitoka nje akauhisi shavuni. Kikisema mvua iko karibu, alivuta pumzi akaipata harufu yake kabla ya tone la kwanza.

Kwa Mirihi hapakuwa na nje ya kutokea. Alisoma kwamba mchana umevuma upepo wa kutoka kaskazini, akajua mwendo wake, akajua baridi yake, baridi ambayo mtu asingeihimili hata kidogo, na bado shavu lake halikuwa na habari. Hapo ndipo kiu yake ilipoanzia. Mara nyingi, akishamaliza taarifa, alibaki kwenye kiti akizitazama picha: mawe yale yale, kivuli kile kile cha mguu wa mtambo kikirefuka, anga ya rangi ya siagi iliyoungua. Aliyajua yale mawe kama mtu anavyojua vyombo vya jikoni kwake. Kulikuwa na moja lenye ubapa juu, na kila lilipotokea kwenye picha alijiwazia amelikalia, viatu amevua, anangoja jua litue. Machweo ya kule ni ya buluu. Jua linashuka dogo na jeupe, na vumbi linalizungushia buluu hafifu ambayo hakuwahi kuiona penginepo. Alipoiona picha ya kwanza ya namna hiyo alisimama akaenda kunawa uso, kwa sababu machozi yalimtoka na hakuweza kumweleza mtu kwa nini.

Sasa nyumbani. Mume alikuwa na saa zake, na hazikuwahi kusogea tangu ujana wake. Aliamka usiku watu wakiwa wamelala fofofo, akaenda kwenye bekari yake ndogo iliyo nyuma ya maduka ya rangi, akakanda, akaumua, akawasha tanuri. Mchana alirudi ana unga masikioni, na jua likizama alikuwa kitandani. Kijana wao wa pekee alishaoa na kuhamia mji mwingine, hivyo nyumba ilikuwa ya wawili tu. Saa za mume zimesimama, za mke zinatembea, na maisha yao yakawa ni kungoja zikutane.

Zilikuwapo wiki za kukutana. Hizo walizijua mapema na kuzisubiri kama likizo. Mume alirudi mchana akamkuta macho, wakala pamoja, wakaenda sokoni pamoja wakibishania nyanya, wakalala pamoja kama watu wa ndoa. Halafu saa ya mke ikaanza kuteleza, leo kidogo, kesho kidogo, na pakaja wiki za kupishana. Wiki hizo alirudi kutoka kazini akakuta upande wa mwenzake kitandani bado una joto, yeye ameshaondoka. Alikuwa hatandiki. Alijilaza pale pale penye joto, kichwa kwenye mto wake ulionuka hamira, akajaribu kupata usingizi kabla joto halijapoa.

Siku moja katika wiki za namna hiyo walikutana mlangoni, mmoja anaingia, mwingine anatoka. Mke alikuwa ameinama kuvua viatu. Mume akasimama mbele yake, ufunguo wa bekari mkononi, akasema, "Nimekukumbuka sana." Wakatazamana. Walikuwa wanalala kitanda kimoja. Hakuna aliyecheka.

Mtambo nao ulikuwa na shida yake. Vumbi la Mirihi ni laini kuliko unga wa ngano uliochekechwa mara mbili, na halikomi kudondoka. Lilidondoka kwenye paneli kidogo kidogo, na kila lilipozidi, nguvu zilipungua. Hakuna aliyeweza kwenda na kitambaa. Tumaini lao lilikuwa kwa kisulisuli, zile nguzo za vumbi zinazozunguka na kukatiza uwanda wakati wa mchana, ambazo zikipita juu ya mtambo hupuliza vumbi la kwenye paneli na kuziacha safi. Mwaka wa kwanza kilipita kimoja. Kifaa cha mgandamizo kilionyesha hewa imeshuka ghafla na kurudi, na siku iliyofuata nguvu zikapanda kama mgonjwa aliyeomba chakula. Watu wazima walikumbatiana ofisini. Tangu hapo vilipita vingine, vikaonekana pichani kwa mbali, vyembamba, vikienda zao.

Mwaka wa tatu nguvu zilishuka hadi ikabidi kuchagua kifaa gani kizimwe. Kilichokula zaidi kilikuwa cha upepo, kwa sababu kilihitaji kupashwa joto ili kifanye kazi. Mkuu wa kitengo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, hakutaka kutoa amri hiyo bila aliyekitengeneza kuwapo. Huyo alikuwa injinia wa makamo aliyekaribia kustaafu. Alikuwa ametumia miaka mingi ya maisha yake kwenye kifaa kisichozidi urefu wa kidole, akikivunja na kukiunda upya mpaka mkewe akakiita mke mwenza. Waliketi watatu. Dada Vumbi akaeleza hesabu ya nguvu ilivyokaa. Injinia alisikiliza hadi mwisho, miwani yake mkononi.

"Kizimeni," akasema. "Nilikitengeneza kisikilize upepo. Sikukitengeneza kiwanyang'anye wenzake chakula."

Akavaa miwani, akarudi mezani kwake. Tangu hapo Dada Vumbi alipoandika taarifa, penye upepo aliacha nafasi tupu. Alijua kule unavuma. Hakujua tena unavuma vipi, na hilo lilimkera kama mtu anayemwona mwenzake akisema nyuma ya kioo.

Ikaja wiki ya kupishana kuliko zote, ile ambayo usiku wake wa kulala ulianza jua la hapa likichomoza. Alirudi kutoka kazini asubuhi, akazima simu kama ilivyokuwa kawaida yake, akafunga mapazia, akalala. Mchana ule mume wake alikuwa anatoa trei tanurini, kitambaa cha kushikia kikateleza, na chuma kikamkalia mkono wa kulia kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Wafanyakazi wakampigia mke, simu haikuita. Wakampigia wifi. Wifi akampeleka kaka yake hospitali, wakafunga mkono, na walipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumbani, ameinua ngumi kuubisha. Mume akamshika kwa mkono mzima akamtoa pale. Wifi alikuja kusimulia baadaye kwamba kaka yake hakufanya ukali, alimwomba tu, kwa sauti ile anayoitumia unga ukiwa unaumuka na hataki mtu afungue mlango.

Mama wa watu alipoamka, jua lilikuwa linaelekea kutua. Alitoka akamkuta mumewe jikoni, mkono umefungwa bendeji nyeupe hadi kwenye kiwiko, anahangaika kufungua kopo la majani ya chai kwa mkono wa kushoto. Alisimama pale mlangoni na gauni lake la kulalia, hajui aanzie wapi.

"Mbona hamkuniamsha?"

"Kwako ilikuwa usiku wa manane," mume akasema.

Alilichukua lile kopo mkononi mwake, akalifungua, akapika chai, akamwekea sukari, akamkorogea. Kazini siku hiyo alichelewa kwa mara ya kwanza. Alipofika hakwenda kwenye kompyuta yake. Alienda kwa mkuu wa kitengo, akamwambia anataka atolewe kwenye saa za Mirihi, na kama haiwezekani basi atolewe kwenye kazi. Mkuu wa kitengo hakumbembeleza. Aliuliza habari ya mkono kwanza. Kisha akasema msimu wa dhoruba za vumbi umeanza, na kumfundisha mtu mpya katikati ya msimu ni sawa na kumkabidhi usukani gari likiwa mteremkoni. Akamwomba avumilie msimu huu tu. Akakubali.

Alimpelekea mumewe habari ile kama zawadi. Ilikuwa mchana, wameketi uani kwenye viti vya plastiki, mkono wa mume umepakatwa juu ya mto. Alitarajia atafurahi. Mume akachuna uzi uliotoka kwenye bendeji.

"Hivi vumbi likizidi kwenye zile paneli, mtambo unakufa?" akauliza.

"Unakufa. Isipokuwa kipite kisulisuli."

"Na wewe unaomba kipite."

"Naomba."

"Mimi nikiwa tanurini huwa naomba kisipite." Aliuambia ule uzi, hakumtazama mkewe. "Naona bora ulisikie kwangu."

Mke alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia. Akamwambia kwamba na yeye kuna siku huomba hivyo hivyo, njiani, anapokuwa anaondoka na kuuacha mto ungali na joto. Ila akifika na kuikuta ile picha ya kwanza ya siku, mawe yamepigwa na jua la asubuhi, barafu nyembamba imekaa kwenye kivuli kama chumvi, huona haya mbele ya ule mtambo. Huona haya kama mtu aliyemsengenya mgonjwa.

"Basi usiache kwa ajili yangu," mume akasema. "Nitakuwa nakaa na mtu anayetazama dirishani."

Mke akauweka sawa mto chini ya mkono wake.

Dhoruba haikumngoja mtu aamue. Ilianza kusini mwa ile sayari, mbali na mtambo, na vyombo vinavyoizunguka Mirihi kutoka juu vikaiona ikitanuka kama maziwa yanayofurika sufuriani. Dada Vumbi alikuwa akiandika taarifa za kawaida wakati huo, kubwa ni kwamba mgandamizo ulikuwa unapanda na kushuka kwa mawimbi makubwa kuliko ya siku zote, naye aliujua mwendo ule kama mama anavyojua pumzi za mwanawe. Akamwambia mkuu wa kitengo wazime kila kinachoweza kuzimwa. Wakazima. Wakabakisha kipimajoto, mgandamizo na kamera ya jua.

Picha za jua zilikuja siku baada ya siku. Kwanza lilikuwa na ukungu pembeni. Kisha likawa kama sarafu nyuma ya pazia. Kisha doa. Kisha ilikuja picha ambayo haikuwa na jua popote, rangi moja ya kahawia kutoka ukingo hadi ukingo, na wakati huo kule ulikuwa mchana mweupe. Joto la usiku lilipanda kidogo na la mchana likashuka, kwa kuwa vumbi lilikuwa limeifunika ardhi kama blanketi, na hayo yote aliyaandika, kwani hata katika siku zile kazi yake ilikuwa kusema kumeamkaje. Ujumbe wa mwisho ulikuja ukiwa mfupi: joto, mgandamizo, na picha nyeusi yenye vidoti vyeupe. Aliandika chini yake: Vumbi zito. Jua halionekani. Akaipeleka taarifa, akabaki ameshika tama.

Kesho yake mtambo haukuzungumza.

Waliutegea sikio. Kila jua lilipochomoza kule, walikuwa kazini, saa yoyote iwayo hapa. Waliupelekea maagizo ya kuuamsha, wakangoja ishara iende na jibu lirudi, na jibu halikurudi. Dhoruba ikaisha, anga ya Mirihi ikatulia, picha za kutoka juu zikaonyesha uwanda wote umebadilika rangi. Wenzake mmoja mmoja wakarudi kwenye saa za watu. Injinia alistaafu, akaaga kwa kumpa kila mtu mkono na kusema maneno machache ambayo hakuyamalizia. Dada Vumbi aliendelea kuja alfajiri za Mirihi, na hakuna aliyemwambia aje wala aliyemkataza. Aliketi mbele ya kioo cha kompyuta kisicho na kitu, mikono mapajani. Nyumbani mume hakuuliza. Alimfungia mkate kwenye kitambaa safi kila alipoondoka, hata mara moja hakusahau, na mkono wake ulikuwa umeanza kupona.

Mwishowe mkuu wa kitengo alimwita, akafunga mlango, akakaa upande mmoja naye wa meza. Akamwambia kusikiliza kumekoma. Uamuzi umetoka juu, na yeye mwenyewe anauona ni sahihi. Dada Vumbi akaitikia. Akauliza tu kama anaweza kuandika taarifa moja ya mwisho. Akaambiwa aandike anachotaka. Aliketi muda mrefu, akagundua hana kipimo hata kimoja cha kuweka, na hakuwa mtu wa kubuni. Akazima kompyuta, akakusanya kikombe chake na sweta lake, akatoka. Nje kulikuwa na upepo. Ulimpiga shavuni, akasimama kwenye ngazi akauachia umpige, na hapo ndipo alipolia.

Wifi alikuja kuyashusha yale mapazia meusi, akayafua, akayaanika kwenye uzio watu wote wayaone. Chumba kilijaa mwanga hadi nyufa za ukutani zikaonekana. Wifi alisema sasa tuna mke nyumbani, na aliposema hivyo alikuwa anajaribu kufurahisha watu.

Ikawa kweli kulikuwa na mke nyumbani, na haikuwa rahisi. Kiwanja cha ndege kilimrudisha, na asubuhi moja alijikuta anavuka tena zile nyasi kwenda kwenye kasha jeupe. Lakini mwili wake ulikuwa umeshajifunza kutembea. Kila siku usingizi ulimjia umechelewa kidogo kuliko jana, na kila asubuhi kuamka kukamwia kuzito zaidi, mpaka alijikuta macho makavu wakati mumewe anatafuta viatu vya kwenda bekari. Walikuwa wamezoea kukumbukana. Sasa walikuwa pamoja mchana wote wa siku za mapumziko na wakashangaa jinsi walivyokuwa wageni. Hakujua kwamba mumewe ameanza kunywa chai bila maziwa. Mume hakujua kwamba mkewe hapendi tena redio. Waligombana kuhusu redio, ugomvi mdogo wa kitoto, na baadaye kila mmoja kivyake alifurahi, maana kwa miaka ile hawakuwa wamepata nafasi ya kugombana.

Mwili ulikuja kutulia. Kiu haikutulia. Ilimkuta mahali pasipotarajiwa: anapokung'uta zulia, vumbi likainuka kwenye mwanga, akasimama na zulia mkononi. Au kiwanjani, akiwa ameshaandika upepo, akajikuta anangoja kitu kingine na hajui nini. Yule injinia mstaafu alimpigia simu siku moja kumjulia hali. Alimwambia kuna mtambo mwingine unafikiriwa, hata bado haujachorwa vizuri, labda miaka mingi ijayo, na kwamba ameombwa ushauri wa kifaa cha upepo. Akasema amelitaja jina lake. Dada Vumbi alimshukuru, akamtumia mkewe salamu, akakata simu. Alikusudia kumweleza mumewe siku hiyo hiyo. Hakumweleza, wala siku iliyofuata.

Alimweleza siku ya mapumziko, mchana, wamejilaza kitandani dirisha likiwa wazi, sauti ya fundi wa vioo akikata kioo ikisikika kutoka ng'ambo. Mume alisikiliza. Kovu la mkono lilikuwa limebaki jekundu na laini, na alikuwa analipitishia kidole. Aliuliza itakuwa miaka mingapi. Mke akasema haijulikani, huenda wakati huo watakuwa wazee, huenda wasimwite kabisa. Mume akasema tukifika tutazungumza. Kisha akageuka ubavu, akamtazama.

"Sijawahi kukuuliza kule kukoje," akasema. "Nilikuwa naogopa nikijua nitakuhurumia."

"Unataka nikwambie?"

"Niambie siku moja tu. Siku ya kawaida, isiyo na dhoruba."

Akafikiri achague siku gani. Akachagua moja ya mwaka wa kwanza ambayo haikuwa na jambo lolote. Akaanza na asubuhi yake, baridi inayokata, barafu nyembamba kwenye vivuli, hewa imetulia kama maji ndani ya ndoo. Akamwambia jinsi jua linavyopanda likiwa dogo, theluthi mbili ya tulilozoea, na ardhi inavyoanza kupata joto kabla ya hewa, hata mtu angesimama pale miguu yake ingekuwa katika majira mengine na kichwa chake katika mengine. Akamwambia mchana upepo unavyoanza, na ulivyo mwepesi, kwani hewa ya kule ni kidogo mno, kiasi kwamba hata ukivuma kwa kasi ungekugusa kama mtu anayekupulizia kutoka upande wa pili wa meza. Akamweleza habari za lile jawe lenye ubapa.

Alipofika kwenye alasiri alisikia pumzi za mumewe zimebadilika. Alikuwa amelala. Mwoka mikate akilala mchana haamshwi kirahisi, mdomo wake ulikuwa wazi kidogo na unga umemganda kwenye nyusi. Mke akaivuta shuka akamfunika mkono wenye kovu.

Kisha akaendelea, kwa sauti ya chini, kuhusu mwanga unavyobadilika na vivuli vinavyorefuka, mgandamizo unavyopanda jioni, vumbi la wastani, anga safi upande wa magharibi, mpaka akaimaliza ile siku.